Ukuta Uliovuliwa Lipu

Wasomaji wanauliza, mpiga picha wetu anajibu

Sanduku la barua la safu hii limegeuka tawi la San Antonio. Tangu toleo lile lililobeba picha zangu za misheni za Wahispania, wengi mnaoniandikia mnaishi Texas, au mna ndugu huko na mnataka kumtembelea mkiwa na kamera begani. Basi leo ni mji huo tu. Wa picha za harusi na wa pasipoti mnisubiri mwezi ujao.

Kwa aliyelikosa toleo lile: kusini mwa jiji la San Antonio, kando ya mto wenye jina hilohilo, yapo makanisa manne ya karne ya 18 yaliyojengwa enzi ya Wahispania: Concepción, San José, San Juan na Espada. La tano ni la misheni ya San Antonio de Valero, iliyoanzishwa mwaka 1718, na liko katikati ya mji. Dunia inalijua kwa jina la Alamo. Yote matano yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015. Manne ya kusini yamo ndani ya hifadhi ya taifa, lakini makanisa yenyewe ni parokia hai za Kikatoliki. Watu wanabatizwa humo, wanaoa humo, na Jumapili maegesho yanajaa. Lishikeni hilo, nitalirudia kwenye barua ya mwisho.

Barua nimezifupisha. Aliyeniandikia kurasa nne kuhusu ugomvi wake na shemeji yake aliyemuuzia kamera, nimesoma zote, pole sana.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Bukavu, sasa naishi San Antonio na nafanya kazi zamu ya usiku. Asubuhi nikitoka kazini napita San José na kamera yangu. Lile dirisha la waridi ambalo kila mtu analipiga, kwangu linatoka bapa kama limechapwa kwenye kalenda. Na uso wa kanisa nao ni kivuli kitupu, mbingu nyuma yake nyeupe. Nilinunua lenzi nyingine, lakini picha ni zilezile. Nisaidie.

Marahaba mama, na pole na zamu.

Lenzi yako haina neno. Kama risiti bado unayo, irudishe dukani. Kinachokusumbua ni jinsi kanisa lilivyoelekezwa na saa unayofika. Uso wa San José, wenye mlango uliochongwa watakatifu, unatazama magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwa kanisa, kwa hiyo unapiga kivuli huku mbingu inawaka. Hakuna kamera itakayokupatia vyote viwili kwa picha moja. Uso ule unataka alasiri, saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama, wakati mwanga unakuja chini na wa manjano na kila mkunjo wa joho la Mtakatifu Yosefu juu kule unapata kivuli chake. Wewe wakati huo unajiandaa kwenda kazini, najua. Ufanye siku yako ya mapumziko.

Dirisha ni habari nyingine, na hapo zamu yako ni baraka. Lile dirisha liko kwenye ukuta wa kusini wa sakristia, chumba cha padri kuvalia. Lilichongwa yapata mwaka 1775, na hadithi inayosimuliwa mjini ni kwamba fundi Pedro Huizar alilichonga kwa ajili ya mchumba wake Rosa, aliyefia baharini akija kutoka Hispania. Hadithi tamu, watalii wanaipenda, ila hakuna hati inayoithibitisha. Tuiache, tutazame jua.

San Antonio iko takriban nyuzi 29 kaskazini ya ikweta. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua lisilo na mzaha: linachomoza mashariki, linapanda utosini, linashuka. Kule mambo yanabadilika na majira. Mwezi wa Juni jua linachomoza kaskazini ya mashariki, kwa hiyo ukuta wa kusini unashinda kivulini asubuhi nzima. Likija kuhamia upande wa kusini tayari limepanda zaidi ya nyuzi 50, na adhuhuri linafika karibu nyuzi 84, karibu wima kabisa. Mwanga unamiminika toka juu kwa muda, kisha umekwisha. Sasa njoo Desemba. Jua linachomoza kusini mashariki, linatembea chini chini, na hata adhuhuri halivuki nyuzi 37. Asubuhi ya majira hayo mwanga unaparuza ukuta ule kutoka ubavuni, na uchongaji wote unainuka: majani, mikunjo, ile kamba ya mawe inayozunguka fremu. Kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Februari, toka kazini, kunywa chai, subiri jua lipande juu ya kuta za jirani, kisha piga. Juni nenda kalale.

Kipimo changu hakihitaji programu ya simu. Nyoosha kidole cha shahada kielekee ukutani bila kuugusa, kisha tazama kivuli chake. Kivuli kikiwa kirefu kuliko kidole, mwanga unatoka ubavuni vya kutosha, piga. Kikiwa kifupi, mwanga unapiga ukuta usoni na mchongo wako utatoka bapa, hata uwe na kamera ya bei ya gari.

Mengine ni madogo. Weka tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ISO 100, na mizani ya rangi iwe ya mchana, usiiachie kamera ijichagulie yenyewe: ikiona mawe yana umanjano itadhani ni kasoro na itayafanya ya kijivu. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, na palipo na mwanga mkali pasikatike upande wa kulia. Jiwe la chokaa likishaungua kwenye picha halirudi. Na usisogee karibu sana. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 70 au 85, ili dirisha libaki na umbo lake.

Jambo moja nataka uliangalie ukiwa pale, kwa sababu ndilo linalobadilisha picha kuliko lenzi zote. Upande wa mbele, kwenye mnara, kuna kipande cha ukuta chenye lipu na michoro ya rangi, maumbo ya maua na miraba, nyekundu, bluu, njano. Kile ni kipande kilichorudishwa mwaka 1948 na Ernst Schuchard, aliyekuwa ameinakili michoro ya zamani kabla mabaki yake hayajapotea. Maana yake ni kwamba kanisa zima lilikuwa hivyo. Kuta zile zilipigwa lipu na kupakwa rangi, zikang'aa juani kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Mawe machafu-machafu tunayoyapenda leo, yale tunayosema "tazama uzee ule", yalikuwa ni mifupa. Hakuna fundi wa karne ya 18 aliyekusudia uyaone. Mvua, upepo na miaka mingi ya kutelekezwa ndivyo vilivyouvua ukuta nguo.

Mimi nimelelewa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba za mawe na chokaa, na najua nyumba iliyoanguka lipu inavyomtia aibu mwenyewe. Ndiyo maana siwezi kupiga ukuta mtupu na kuuita mzuri tu, nikaondoka. Natafuta ukingo: pale lipu inapokwisha na jiwe linapoanza. Kwenye San José ukingo wa namna hiyo upo, mdogo, na wapiga picha wengi wanaupita wakikimbilia dirisha. Simama hapo, mama. Siku ya mawingu, si ya jua, maana rangi zilizofifia zinataka mwanga laini. Jua kali linazifuta.

Ndugu mpiga picha, picha zangu za misheni nazigeuza nyeusi na nyeupe, naongeza chembechembe na kingo nyeusi ili zionekane za kale. Rafiki yangu anasema ni udanganyifu. Nani mkweli? Msomaji wa Houston, asili Kisumu.

Nyeusi na nyeupe si udanganyifu. Ukuta wenye mwanga wa ubavu mara nyingi unapendeza zaidi bila rangi. Chembechembe za kuongeza na kingo nyeusi, hapo rafiki yako ana hoja, ila ameishika upande usiofaa. Swali si kama picha inaonekana ya kale. Swali ni kama wewe unajua kilicho cha kale ndani yake.

Nikupe mfano ambao utakutia kichefuchefu kidogo kama ulivyonitia mimi. Ukimwambia mtu yeyote duniani achore Alamo, atachora ule mgongo wa mviringo juu ya mlango. Mgongo ule haukujengwa na Wahispania wala haukuwepo vita vya mwaka 1836 kati ya Watexas na jeshi la Meksiko vilipopiganwa pale. Uliongezwa na jeshi la Marekani mwaka 1850, walipolifanya jengo kuwa ghala na kuliezeka. Kitu kinachoonekana cha kimisheni kuliko vyote ni kazi ya wanajeshi wa ghala!

Nenda San José. Paa na kuba vilianguka miaka ya 1870. Mnara wa kengele ulidondoka mwaka 1928. Kanisa unaloliona, lenye paa na kuba, lilirudishwa hivyo miaka ya 1930 chini ya msanifu Harvey P. Smith na likawekwa wakfu tena mwaka 1937. Vile vyumba vilivyopangana kwenye ukuta wa nje, ambavyo kila mtu anavipiga akisema "hapa waliishi wenyeji miaka mia tatu iliyopita", vilinyanyuliwa upya miaka hiyohiyo, kwa mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na kazi wakati uchumi ulipoporomoka. Mimi sisemi havifai kupigwa. Vimejengwa kwa uangalifu na vina uzee wao sasa, karibu miaka tisini. Lakini ukivitia chembechembe na kingo nyeusi unakuwa umeongeza uwongo juu ya nakala.

Concepción ndiko kwa kwenda ukitaka kitu ambacho hakikuanguka. Kanisa lile liliwekwa wakfu mwaka 1755, na paa lake la mawe halikuwahi kuporomoka. Limesimama tu. Ndiyo maana ndani kumebaki michoro ya asili, na kwenye dari ya chumba kimoja cha nyumba ya mapadri kuna uso wa jua wenye masharubu, unaokutazama kama mpangaji aliyechoka na wageni.

Sasa jinsi ya kusoma ukuta mwenyewe, bila kitabu. Tafuta maungio ya mawe, jioni, mwanga ukitoka ubavuni. Chokaa ya zamani ni laini na inapumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanatoka kupitia kwake, na ikichakaa inachakaa yenyewe, jiwe linabaki. Kisha karne ya 20 mafundi kila mahali wakapenda saruji. Saruji ni ngumu na inafunga njia. Maji yanatafuta pa kutokea, yanatokea kwenye jiwe, chumvi zinaganda chini ya ngozi ya jiwe na kuibandua. Utaona ungio la kijivu limetokeza mbele, limesimama kama fremu tupu, na jiwe katikati yake limerudi ndani, limelika. Anayetoka Lamu au Zanzibar hahitaji kwenda Texas kuliona jambo hili, kuta zetu za matumbawe zimekumbwa na ugonjwa uleule kwa dawa ileile. Ukikuta ukuta wa mawe ya chokaa wenye alama hiyo, popote, umepata picha. Ina tarehe mbili ndani yake: ya aliyejenga na ya aliyedhani anaokoa.

Kwa hiyo tumia nyeusi na nyeupe, ila uchague kwa sababu ya umbo. Ukigeuza, pandisha kidogo njano na rangi ya chungwa ili jiwe liwe na uhai, shusha bluu ili mbingu isishindane nalo. Chembechembe waachie wanaouza kadi za posta.

Mzee wangu, salamu toka Mombasa. Nakaa karibu na Fort Jesus, nikiona maharusi wanapiga picha pale najiuliza. Hizo misheni zako nazo zilijengwa kwa jasho la watu waliotawaliwa. Kwa nini tuzipambe kwa mwanga mzuri?

Mjukuu wangu, umeniuliza swali ambalo wengine wananiuliza kwa ukali, wewe umeliuliza kwa adabu, nashukuru.

Na umetaja Fort Jesus bila kujua umegusa ukoo mmoja. Ngome ile ilipoanzwa mwaka 1593, mfalme wa Ureno alikuwa ndiye huyohuyo mfalme wa Hispania, Filipo. Taji moja liliamuru mawe yapangwe Mombasa, na zaidi ya karne moja baadaye taji la Hispania likalipia mawe yapangwe Texas.

Waliojenga misheni za San Antonio kwa mikono yao, wakachimba mawe, wakachoma chokaa, wakalima na kusuka, ni watu wa makabila mengi madogo ya kusini mwa Texas na kaskazini mwa Meksiko ambayo wanahistoria wanayaita kwa jumla Coahuiltecan. Walikuwa wawindaji na wachuma matunda. Wengi waliingia misheni kwa sababu walikuwa wamebanwa: maradhi mapya yaliyokuja na Wahispania upande mmoja, mashambulizi ya Waapache upande mwingine. Mle ndani walipata chakula na ulinzi, wakapoteza lugha, mwendo na mamlaka juu ya watoto wao. Aliyetoroka alifuatwa na kurudishwa. Ndui ilipopiga mwaka 1739 iliwamaliza kwa wingi. Wapo waliozikwa pale pale mbele ya milango ya makanisa, ambapo leo mpiga picha anapanga miguu ya tripodi yake.

Je, tuache kupiga? Mimi sikuacha, na sidhani mwanga mzuri ni dhambi. Mwanga mbaya haumheshimu mfu zaidi. Ninachokataa ni kupiga kuba na mnara peke yake, kana kwamba vilishuka toka mbinguni. Mtu akitaka kuwaona waliofanya kazi, zipo sehemu za kuelekeza lenzi. Nenda Espada, misheni ya mwisho kusini, ile ndogo ambayo mabasi ya watalii yanaichoka kufika. Karibu nayo kuna daraja la maji la mawe lililojengwa miaka ya 1740, lenye matao mawili, linalovusha mfereji juu ya kijito. Maji yanapita juu yake mpaka leo. Miaka karibu mia tatu! Hakuna mtakatifu aliyechongwa pale, hakuna dirisha la Rosa, na watu wanalipiga kwa dakika moja wanaondoka. Mimi ningewapa watu wale waliokufa kwa ndui daraja lile kuwa sanamu yao kabla ya uso wowote wa kanisa. Lipige ukiwa chini, karibu na kijito, ili tao libebe uzito kwenye picha. Kisha panda, upige maji yenyewe yakitembea kwenye mfereji, shata polepole, nusu sekunde ukiwa na tripodi.

Nenda vilevile kwenye mlango wa Espada. Mawe ya tao lake yamekaa kwa namna ya ajabu, mabega yanaingia ndani kuliko yanavyotarajiwa, na wapo wanaosema fundi aliyapanga vibaya. Wengine wanasema alikusudia. Mimi napenda kwamba hatujui. Fundi yule alikuwa na mkono wake na akauacha pale, kwenye mlango ambao padri alipita kila siku.

Na wale watu hawakwisha. Wazao wao wanaishi San Antonio, wengine wanasali kwenye makanisa hayohayo, na wanabishana na mji hadharani kuhusu makaburi ya mababu zao. Ukiwakuta, omba ruhusa, piga watu. Kisha andika maelezo chini ya picha. Nusu ya jibu la swali lako iko kwenye maelezo hayo, mjukuu wangu. Picha ya ukuta haiwezi kusema ni nani alibeba jiwe. Mstari mmoja chini yake unaweza. Maharusi wa Fort Jesus waache, hao wana siku moja tu.

Bwana picha, sina kamera, nina simu. Nitakuwa San Antonio kwa siku mbili kwenye mahafali ya mwanangu. Inawezekana? Baba wa Arusha.

Inawezekana sana, na hongera ya mwanao.

Usitumie lenzi pana ya simu, ile ya nusu. Ukiinamisha simu nyuma ili mnara uingie, mnara unaangukia nyuma na kuta zinakutana juu. Washa mistari ya gridi, shika simu wima kabisa, na kama mnara hauingii, rudi nyuma mpaka uingie. Mahali pa kurudi nyuma papo, viwanja vya San José ni vipana. Kwa mawe na michongo tumia lenzi ya mara mbili. Gusa jiwe kwenye kioo na ushikilie mpaka mwanga ufungwe, kisha shusha kidole kidogo ili picha iwe nyeusi kiasi. Kwa San Juan fanya kinyume: kanisa lile limepakwa nyeupe, simu itaogopa na kulifanya la kijivu, basi pandisha.

Siku ya kwanza alasiri nenda Concepción halafu San José, nyuso zao zote zinatazama magharibi. Siku ya pili asubuhi nenda Espada na daraja la maji kabla joto halijakaa. Chukua maji ya kunywa. Joto la Texas halifanani na la Arusha hata kidogo.

Na mpige mwanao akiwa kwenye kivuli cha tao, joho lake jeusi kwenye jua la pale litatoka kama shimo.

Mwalimu, maswali ya haraka: tripodi ndani ya kanisa, flashi, droni, kibali? Na ni kweli jua linafanya maajabu Concepción mwezi wa Agosti? Msomaji wa Austin.

Droni hapana. Hifadhi za taifa za Marekani zimezipiga marufuku tangu mwaka 2014, na askari wa hifadhi hawana utani. Ukipiga kwa ajili yako mwenyewe hutadaiwa kibali. Ukija na bibi harusi, wasaidizi na taa, ulizia ofisi ya hifadhi kabla hujaahidi mteja tarehe. Flashi ndani ya kanisa siitumii: inaua umbo la ukuta, na inamkera anayesali. Tripodi mwulize aliyepo pale siku hiyo. Ukikataliwa, egemea mgongo wa benchi, ISO 1600, f/4, kasi ya moja ya kumi na tano ya sekunde, piga tano mfululizo na moja itatulia. Usiegemee ukuta. Lipu yenye michoro ya karne ya 18 inabanduka kwa bega lako kuliko kwa mvua, na wala hutaisikia ikianguka.

Dirisha likiwa limeungua na ndani giza, piga tatu kwa mwanga tofauti, hatua mbili mbili, uziunganishe nyumbani kwa mkono mwepesi. Picha za ndani ya kanisa ambazo kila pembe ina mwanga sawa zinafanana na supamaketi.

Kuhusu Agosti, ni kweli. Tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linaingia kwa madirisha ya upande wa magharibi na miale miwili inatua, mmoja altareni na mwingine sakafuni katikati ya msalaba unaofanywa na umbo la jengo. Siku za kabla na baada ya hapo pia inaonekana. Chagua hizo, kwa sababu tarehe 15 yenyewe kanisa linajaa na utapiga visogo. Pima mwanga kwenye mwale wenyewe, sehemu nyingine zote ziache zizame gizani. Mwale unasogea kwa dakika chache tu, kwa hiyo uwe umeshapanga fremu kabla haujafika.

Ukikuta Misa inaendelea, kaa kiti cha nyuma, usitembee. Na mlio wa shata uzime ukiwa bado nje, usingoje padri akutazame.